Kizimba cha Orc kinapasuliwa na Wood Elf kila mara: tatizo ni mpangilio au ni dadu?

MzeeWaDadu

Wakuu, swali ni la Blood Bowl (mchezo wa mezani wa dadu unaofanana na raga, timu ni za viumbe wa kubuni), kanuni za toleo la 2020, ndizo ambazo Blood Bowl 3 ya kompyuta ilitoka nazo. Timu ni Orc, bado changa. Ujuzi wa nyongeza ni mmoja tu: Big Un (wale wakubwa wenye nguvu) wawili wana Guard (kumsaidia mwenzake hata akiwa amekabwa). Mpinzani ni Wood Elf mwenye Wardancer (warukaji wao wepesi) wawili, na mmoja wao ameshapata Strip Ball (akimsukuma tu mbeba mpira, mpira unadondoka).

Kizimba, yaani watu wanne kwenye pembe za mbeba mpira, kinapangwa hivi: katikati ni Thrower (mrushaji) mwenye mpira. Pembe mbili za mbele wako hao Big Un wenye Guard. Nyuma kushoto ni Lineman (mchezaji wa kawaida), nyuma kulia ni Troll (jitu letu). Kila zamu kizimba kinasogea kadiri miguu inavyoruhusu, mpaka pembe za mbele ziguse Elf, ili zamu inayofuata kuwe na mtu wa kupiga. Zamu inayofuata Wardancer anatua ndani na mpira uko chini.

Naomba majibu matatu. Thrower abaki na mpira au uhamie kwa Blitzer (mpigaji) mwenye Block (ujuzi wa kutoanguka dadu ikisema "wote chini")? Big Un kukaa mbele ni sahihi? Na kizimba kisogee hatua ngapi kwa zamu?

---

KochaWaUkingoni

Dadu hazina kosa, mkuu. Kosa liko nyuma ya kizimba chako.

Angalia miraba minane inayomzunguka Thrower. Minne ya pembe imejaa watu wako. Iliyobaki ni minne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kila mmoja kati ya hiyo unakabwa (yaani uko jirani na mchezaji wako aliyesimama) na pembe mbili pamoja na mbeba mpira mwenyewe, yaani watu watatu. Na hakuna njia ya kuufikia bila kupita kwenye mraba ambao tayari unakabwa, kwa hiyo lazima mtu apige chenga (dadu ya kutoka kwenye mraba unaokabwa) kwa −3. Mchezaji wa AG (wepesi, namba ya kufikia kwenye dadu) 3+ anahitaji 6. Elf wa AG 2+ anahitaji 5+. Wardancer hapigi chenga hiyo, anatumia Leap (ujuzi wa kuruka): anaanzia mraba ambao haukabwi na mtu, anaruka mraba mmoja, anatua ndani. Leap inampunguzia adhabu moja, −3 inakuwa −2, kwa hiyo kwake ni 4+ tu. Kwa maneno mengine, usitegemee kizimba kumzuia asiingie. Kazi ya kizimba ni kuhakikisha akishaingia anapiga kwa dadu mbaya.

Sasa hapo ndipo pembe zinapofanya kazi. Akitua, pembe mbili zinazomgusa zinampa Thrower msaada. ST (nguvu) 3 dhidi ya 3+2: dadu mbili, na wewe ndiye unayechagua. Hata pembe moja ikisaidia inatosha, 3 dhidi ya 4 bado ni dadu mbili za kwako. Lakini pembe inayokabwa na Elf mwingine haisaidii, isipokuwa ina Guard. Mpinzani wako anachofanya ni hiki: Elf mmoja anasimama karibu na Lineman, mwingine karibu na Troll (kuingia kwenye eneo linalokabwa hakuna dadu, kutoka ndiko kuna dadu), kisha Wardancer anatua mraba wa nyuma. Hakuna msaada tena. 3 kwa 3, dadu moja.

Dawa yake haina gharama. Guard mbili usiziweke mbele zote, ziweke kwa mshazari: moja mbele kushoto, nyingine nyuma kulia. Chora kwenye karatasi uone: kila mraba kati ya ile minne sasa unaguswa na Guard moja. Ukiziweka mbele zote mbili, mraba wa mbele una Guard mbili ambazo moja ingetosha, na wa nyuma hauna hata moja.

Na Troll mtoe hapo. Ana Really Stupid, dadu ya kutupa kabla hajafanya lolote: akiwa peke yake anahitaji 4+, akiwa na mwenzake jirani ni 2+. Akishindwa, hatembei na anapoteza uwezo wa kukaba mpaka atakapoamka akilini zamu nyingine. Pembe ambayo kila zamu kuna 1 kati ya 6 inaweza kugeuka gogo si pembe. Troll kazi yake ni kusimama mbali kidogo na kuwalazimisha Elf wapite upande mwingine.

---

HesabuTu

Naongezea swali la kwanza, kwa sababu hapo watu wengi hubadilisha mbebaji bila kupiga hesabu. Namba zote hapa chini ni bila marudio ya dadu, Wardancer anaruka kwa 4+ na anapiga dadu mbili za chaguo lako.

Thrower wako wa sasa hana Block wala Dodge (ujuzi wa kukwepa). Nyuso tatu kati ya sita zinamwangusha, kwa sababu Wardancer ana Block na "wote chini" inakuwa mzigo wako peke yako. Zote mbili zitoke mbaya: robo. Zidisha na nusu ya kuruka: 12.5%. Dadu ikiwa moja, kama anavyokufanyia sasa, ni 25%, na akitumia marudio ya timu kwenye kuruka inafika 37.5%. Hiyo ndiyo "bahati mbaya" yako.

Blitzer mwenye Block: nyuso mbili tu zinamwangusha. 1/9 mara nusu, kama 5.6%. Inaonekana nzuri, lakini hesabu hiyo ni ya Wardancer asiye na Strip Ball. Yule mwenye Strip Ball hahitaji kumwangusha, hata kumsukuma kunatosha mpira udondoke. Dhidi ya Blitzer nyuso nne kati ya sita zinamfaa, 16/36 mara nusu, kama 22%. Thrower ana Sure Hands, na Sure Hands inaifuta Strip Ball kabisa, kwa hiyo yeye anabaki kwenye 12.5% kwa Wardancer wote wawili.

Halafu kuna gharama ya kuhamisha. Thrower wa Orc ana Animosity kwa wenzake wote, kwa hiyo kabla ya kukabidhi anatupa D6, akipata 1 anakataa. Kisha Blitzer anadaka kwa 3+. 5/6 mara 4/6 ni kama 56%. Unacheza kamari karibu nusu kwa nusu ili umpe mpira mtu ambaye Strip Ball inampenda zaidi.

Jibu: mpira ubaki kwa Thrower, na ujuzi wake wa kwanza uwe Block. Akishakuwa na Block na Sure Hands pamoja, Wardancer wote wawili wanarudi 5.6%. Pia kuokota kwake ni 3+ kwa kurudia bure, 8 kati ya 9, wakati Blitzer akifikia kiwango hicho ameshakula marudio ya timu.

---

MzeeWaDadu

Guard kwa mshazari nimeelewa, na Thrower apewe Block. Bado hapo kwenye kugusana. Pembe za mbele zisipogusa mtu, Orc watapiga nani? Timu nzima imejengwa kupiga.

---

PembeNne

Piga kwa watu ambao si pembe. Una watu 11, watano wako kwenye kizimba, sita wako nje. Hao sita ndio wapigaji.

Sababu ya kutogusana ni hii. Mpinzani ana blitz (kusogea kisha kupiga) moja tu kwa zamu, lakini bloku (kupiga bila kusogea) za kawaida hazina kikomo kwa waliosimama jirani tangu mwanzo wa zamu. Ukimaliza zamu pembe yako ikigusa Elf, umempa bloku ya bure. Anapiga pembe kwa bloku, na blitz yake bado ipo mfukoni. Pembe ikianguka na aliyeipiga asipoifuata, ule mraba wa pembe sasa unakabwa na mbeba mpira peke yake, na mraba wa nje yake haukabwi na yeyote. Yaani mpigaji wa blitz anaingia kwa kutembea. Hakuna chenga, hakuna Leap, na pembe nyingine ziko mbali mno kusaidia. Lakini ukiacha hatua mbili kati ya pembe na Elf wa karibu, akitaka kuvunja pembe lazima atumie blitz, na akishaitumia hana ya kumpiga Thrower.

Big Un kwenye pembe ni chaguo zuri, kwa sababu Elf wa ST 3 anahitaji wasaidizi wawili ili apate dadu mbili dhidi ya ST 4. Lineman anahitaji msaidizi mmoja tu. Ila Big Un akikabwa hachomoki: AG 4+, nusu kwa nusu. Usimburute. Mwache hapo akabane na Elf wake, na mtu wa nje aje achukue nafasi yake kwenye pembe. Ndiyo maana kati ya wale sita, wawili wawe karibu na kizimba kila wakati bila kukabwa.

Mpangilio wa zamu nao unaua vizimba vingi kuliko Wardancer. Anza na wanaosimama na wanaotembea bila dadu, wale ambao nafasi zao hazitegemei mtu mwingine. Zifuate bloku za dadu mbili zinazofungua njia, mwenye Block kwanza: yeye hushindwa mara 1 kati ya 36, asiye na Block 1 kati ya 9. Blitz kama inahitajika kusukuma nguzo iliyoko mbele, ipige hapo. Kisha pembe za mbele zisogee, mbeba mpira aingie, pembe za nyuma zifunge. Kizimba kikishafungwa ndipo ufanye mambo ya tamaa: bloku ya dadu moja, hatua za ziada, rafu. Mtu anayepiga bloku ya dadu moja kabla ya kufunga pembe za nyuma asishangae zamu ikikatika mpira ukiwa uchi.

Swali la tatu: hatua mbili au tatu zinatosha. Uwanja una safu 26 na bao ni safu ya 26. Ukimaliza zamu ya 1 na mpira safu ya 8, Thrower wa MA 5 (hatua tano kwa zamu) anatakiwa awe safu ya 21 mwishoni mwa zamu ya 7 ili afunge ya 8 bila hatua ya ziada. Safu 13 kwa zamu 6. Hakuna haja ya kukimbia. Kikubwa uvuke katikati ya uwanja kufikia zamu ya 3 au ya 4, usije ukabanwa kwenye nusu yako.

---

SafuYaKumi

Nakubali mengi hapo juu, lakini kizimba kimegeuzwa dini. Zamu ya 1 na ya 2, mpira ukiwa bado nyuma sana, kizimba cha watu watano ni kupoteza watu. Tumia pazia. Mchezaji anakaba mraba mmoja kila upande, kwa hiyo ukiwaweka watu kwa kuacha miraba miwili katikati, hakuna pengo lisilokabwa. Uwanja una upana wa miraba 15: watu kwenye mistari ya 2, 5, 8, 11 na 14 wanafunga upana wote. Watano tu, idadi ile ile ya kizimba, lakini wamefunga uwanja mzima na watano wengine wako huru kupiga.

Mbeba mpira akae safu tatu nyuma ya pazia. Elf anayepita kwa miguu anapiga chenga tatu kabla hajamgusa: mbili kwenye miraba inayokabwa, 3+ kila moja kwa AG 2+, na ya mwisho 2+. Bila marudio ni kama 37%, na hapo hajapiga bloku bado. Akikaa safu mbili tu nyuma ya pazia, chenga ya tatu haihitajiki. Wardancer mwenye Dodge na Leap ataona nafuu zaidi, kwa hiyo mmoja wa wapigaji wako walio huru awe upande wa Wardancer aliye karibu.

Na mstari wa pembeni uogope kuliko Strip Ball. Kizimba kikiwa kimebanwa ukingoni, Elf hahitaji kumwangusha mtu, kusukuma tu kunampeleka kwa mashabiki. Huko hakuna dadu ya kinga, anaenda moja kwa moja kwenye majeraha, na mpira unarushwa uwanjani popote. Mbeba mpira asilale kwenye mistari miwili ya mwisho kila upande. Mpinzani anajua hivyo, ndiyo maana anaacha upande mmoja wazi makusudi.

---

HesabuTu

Kwa pazia nakubali mpaka zamu ya 2. Wardancer wote wawili wakiwa wamesimama na mpira umevuka katikati, rudi kizimbani. Wakiwa wamelala au wako benchi la majeruhi, pazia linatosha mpaka zamu ya 8, na hapo Blitzer naye anaweza kubeba.

---

KochaWaUkingoni

Nimesahau jambo moja kuhusu Guard kwa mshazari. Kizimba kinapogeuka kuelekea upande mwingine wa uwanja, usibadilishane nafasi za watu wa Guard ili "warudi mbele". Mshazari unabaki mshazari kokote kinakoelekea. Kinachovuruga ni pale Guard mmoja anapokabwa na kubaki nyuma: hapo una Guard moja, na miraba miwili kati ya minne haina kinga. Zamu hiyo tumia bloku ya kwanza kumfungua yeye, hata kama kuna kichwa kitamu zaidi cha Elf jirani yake.