Programu inaonyesha nyuzi 127 na kompyuta inazima mchana, je, bodi imeungua kweli?

MamaSteshenari

Wakuu, habari za leo. Nina steshenari ndogo Tabata Kimanga, natoa kopi, naprinti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta yangu ni mtumba, i5-4570, RAM gigabaiti 8, niliinunua Kariakoo mwaka jana. Hii ni wiki ya tatu inazima ghafla, yaani pap, kama mtu kachomoa waya. Asubuhi haina shida. Kuanzia saa sita mchana, fremu ikishashika joto, inazima mara mbili mpaka tatu. Jana imezima binti wa watu yuko ukurasa wa mwisho wa fomu ya mkopo wa chuo. Tukaanza upya, na nyuma yake foleni ya watu watano. Niliumia sana.

Kijana wa jirani akaniletea programu za kupima joto kwenye flashi. Ya kwanza Windows iliikataa, ikasema ina faili la hatari. Ya pili, HWMonitor, ikafunguka. Nikakuta mstari umeandikwa AUXTIN0, nyuzi 127. Haushuki hata asubuhi mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa. Mstari mwingine wa +12V unasoma volti 0.4. Fundi nikamtumia picha ya skrini, akajibu bodi imeungua, nibadilishe, 130,000 pamoja na ufundi. Hela hiyo ninayo, ila ni ya kodi ya fremu. Kabla sijaitoa nataka kuelewa: maji yanachemka nyuzi 100, sasa kitu chenye nyuzi 127 kingekaaje ndani ya kasha nisisikie hata harufu ya kuungua? Nimegusa ubavu wake, ni vuguvugu tu.

Fundi_wa_Vingunguti

Dada, hela ya kodi iache hapo hapo ilipo. Umeuliza swali zuri kuliko jibu ulilopewa.

Kwenye bodi kuna chipu moja inayosoma joto, volti na mizunguko ya feni. Chipu hiyo imetengenezwa na milango mingi ya kupokea sensa, na mtengenezaji wa bodi anafunga sensa kwenye michache tu. Mlango usio na sensa unasoma takataka. Mara nyingi takataka hiyo inagota 127, kwa sababu namba ya biti 8 inayoweza kushuka chini ya sifuri inaishia 127 kwa juu na -128 kwa chini. Programu haijui kama mlango ni mtupu, yenyewe inaandika ilichopewa. Ndiyo maana hauoni ikishuka wala kupanda. Joto la kweli halikai namba moja asubuhi mpaka jioni.

Na ile +12V ni hivyo hivyo. Ingekuwa kweli ni 0.4, feni zisingezunguka na hard diski isingewaka. Volti 12 ni kubwa mno kwa chipu ile, kwa hiyo inagawanywa kwanza na rizista, halafu programu inaizidisha irudi kama ilivyokuwa. Programu isipojua bodi yako imegawanya kwa kiasi gani, inakupa namba ya uongo.

Kuna kipimo hakihitaji fundi. Kesho asubuhi washa mashine iliyolala usiku kucha, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya bodi yenyewe) kabla Windows haijaamka, angalia joto. Linatakiwa liwe juu kidogo ya joto la chumba. Sensa ikikuambia nyuzi 15 wakati fremu ina 29, hiyo nayo usiiamini, maana feni haiwezi kupooza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayokipuliza.

Sasa pakua HWiNFO kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue ya flashi. Ukiifungua chagua kuona sensa peke yake. Achana na mistari ya AUXTIN. Tafuta "CPU Package" na "Core" 0 mpaka 3. Sensa hizo zimo ndani ya prosesa yenyewe, na Intel wamezitengeneza zihesabu zimebaki nyuzi ngapi kufika kikomo, ambacho kwa i5-4570 ni 100. Kwa hiyo zinasema kweli zaidi zikikaribia kikomo kuliko zikiwa chini. Angalia pia mistari ya "Thermal Throttling", yaani prosesa kujipunguza kasi kwa sababu ya joto, inaandika Yes au No. Halafu bonyeza kitufe cha kurekodi, itaandika kila sekunde mbili kwenye faili unayoweza kuifungua kwa Excel. Iache irekodi mpaka mashine izime.

Ile programu iliyokataliwa, nadhani ina WinRing0, draiva ya kuifikia bodi moja kwa moja. Tangu 2025 Defender, kinga ya Windows, inaikamata, kwa kuwa ina tundu linaloweza kumpa mtu mbaya njia ya kuingia. Usiiruhusu kwa nguvu.

Kaka_Kigamboni

Mama, mimi yangu ilikuwa na shida kama hiyo. Nilifungua ubavu wa kasha nikaweka feni ya mezani ikielekea ndani. Mwezi wa nne sasa haijazima. Jaribu kwanza hilo, ni bure.

Fundi_wa_Vingunguti

Kaka, kama kipimo cha saa moja nakubaliana na wewe, na inasaidia kujua kama shida ni joto. Kuishi hivyo, hapana. Kimanga barabara ya vumbi iko mlangoni, na feni ya mezani inalisukuma lote ndani. Na wewe uliye karibu na bahari ndiyo kabisa, chumvi ya hewa inakula miguu ya rami. Fungua yako uangalie.

MamaSteshenari

Nimerudi na majibu, nimeandika kila kitu kwenye daftari la madeni maana sikuwa na karatasi karibu.

Asubuhi BIOS ilisoma 44, fremu ina 29. Windows ikitulia, CPU Package 58. Saa nane mchana fremu ina 33, nikaprinti PDF ya kurasa 140 yenye picha. Core zikafika 97, 99, 100, na Throttling ikageuka Yes. Feni ya prosesa mizunguko 2,100 mpaka 2,900. AUXTIN0 bado 127 vile vile, wala haijali. Mashine haikuzima mara ile, ila ilikuwa nzito, kipanya kinaruka.

Kwa hiyo joto lipo, ila si lile nililoonyeshwa?

Fundi_wa_Vingunguti

Hasa. Fundi wako alisoma mstari usio na kitu, akauacha wenye ushahidi.

Niambie jambo moja kutoka kwenye faili: ulipobonyeza kuprinti, joto lilipanda vipi? Kama lilipanda taratibu, dakika kumi, dakika kumi na tano, basi hewa haipiti, ni vumbi. Kama liliruka kutoka 58 mpaka 95 ndani ya sekunde chache, hitisinki, lile chuma la kunyonya joto lililo chini ya feni, haijaikumbatia prosesa. Joto linazaliwa pale pale na halina pa kwenda, hata feni ipige kelele vipi.

MamaSteshenari

Mistari mitatu! 59, halafu 88, halafu 96. Sekunde sita hazijafika.

Fundi_wa_Vingunguti

Basi chomoa umeme, fungua kasha, angalia ile miguu minne ya plastiki ya hitisinki kwenye bodi. Naweka dau mmoja umeachia. Nunua pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, na spiriti ya duka la dawa. Futa ya zamani kabisa pande zote mbili, weka mpya kiasi cha punje ya kunde katikati, basi. Geuza vichwa vya miguu virudi mahali pake, halafu kandamiza pembe kwa pembe, ule wa kulia juu kisha wa kushoto chini, kila mmoja mpaka usikie "ka!". Usimalize upande mmoja kwanza, utainyanyua ya upande wa pili.

MamaSteshenari

Jumapili nimefunga duka, nimeifungua mwenyewe, mwanangu ananimulikia tochi ya simu.

Mguu wa karibu na rami ulikuwa umeinuka, ukiugusa kwa kidole unacheza. Hitisinki yenyewe niliitoa bila kulazimisha. Pesti imekauka, imekuwa kama ukoko wa uji chini ya sufuria, na upande mmoja wa prosesa bati linang'aa, haijawahi kuguswa na kitu. Chini ya feni kulikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, nimelibandua zima zima. Pesti imenigharimu 6,000, spiriti ilikuwepo nyumbani.

Leo saa nane, PDF ile ile, fremu 33: haijapita 69. Throttling No. Kipanya hakiruki. Mungu akubariki kaka, sina namna ya kueleza.

MamaSteshenari

Wakuu, narudi tena na wasiwasi. Jumatano imezima. Mara moja, saa tano asubuhi, fremu haijapata joto hata. Nimefungua faili, mstari wa mwisho kabla haijazima ni nyuzi 52, Throttling No. Kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, kuna Kernel-Power 41 peke yake.

Fundi_wa_Vingunguti

Hiyo 41 inasema tu mashine haikuzimwa kwa utaratibu, haisemi kwa nini. Faili lako ndilo limesema: nyuzi 52, kwa hiyo mara hii siyo joto. Ni umeme. Mashine imechomekwa wapi, na nini kilikuwa kinafanyika sekunde ile?

MamaSteshenari

Kwenye UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika. Nilikuwa naamsha mashine ya kopi, ilikuwa imelala, mteja ana kitambulisho cha kutoa nakala.

Mashine ya kopi nayo iko kwenye UPS hiyo hiyo.

Fundi_wa_Vingunguti

Itoe leo leo. Mashine ya kopi ikiamka inapasha moto rola ya kuchoma wino, na kwa sekunde chache inavuta umeme mwingi mno kwa UPS ndogo. UPS inalemewa, inakata, kompyuta inakwenda nayo. Printa za leza na mashine za kopi chomeka ukutani. UPS iachie kasha, skrini na ruta.

MamaSteshenari

Nimeitoa, iko kwenye soketi ya ukutani. Nimeiamsha mara sita makusudi huku nikiangalia skrini, haijatikisika. HWiNFO naiacha irekodi mpaka mwisho wa mwezi, na ule mstari wa AUXTIN0 nimeuficha nisije nikashtuka tena.