Bangi Marekani ruksa kwenye jimbo, marufuku kwenye nchi?? Na sisi Kigoma tungekuwa jimbo ziwa lisingefungwa?

Kahawa_ya_Mwanga:
Wakuu naombeni mnieleweshe maana jana usiku kijiweni hapa Mwanga nusura tumwagiane kahawa. Mjomba ana kijana wake yuko Colorado, kapiga simu anasema huko bangi inauzwa dukani, risiti unapewa na jimbo linakula kodi yake. Fundi boti mmoja akasema muongo huyo, Marekani bangi ni kosa. Tukaingia gugo, balaa, wote wako sahihi! Sheria ya nchi nzima ya 1970 inakataza, halafu Colorado wakapiga kura 2012 wakaruhusu. Sasa nchi moja inakuwaje na sheria mbili zinazotazamana kama majogoo?

Hapo ndo mjadala ukahama. Fundi akadakia eti na sisi tungekuwa na majimbo, ile 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe miezi mitatu kuanzia 15 Mei tungegoma. Boti yake ilikaa mchangani Kibirizi mpaka pamba ya kwenye maungio ikakauka ikawa inatoka yenyewe, kumuuliza diwani, diwani anasema agizo limetoka juu. Mimi nikasema hata jimbo lisingeweza. Tumewekeana kahawa na kashata za benchi zima, naombeni mwenye elimu aamue.

Mstaafu_Gungu:
Nimefundisha somo la uraia miaka mingi kwahiyo mnivumilie nikirefusha. Marekani majimbo yalizaliwa kabla ya serikali kuu, hilo ndo la kwanza kulishika. Yalikuwa 13, kila moja na utawala wake, yakaungana kwa mkataba legelege ulioanza kazi 1781, serikali ya juu haikuwa hata na uwezo wa kutoza kodi, inabaki kuyaomba majimbo michango kama kamati ya harusi na nyie mnajua michango ya harusi inavyokuja. 1787 wakakaa Philadelphia wakaandika katiba mpya, serikali kuu ikapewa vitu vyake kwa kuandikwa, vita, sarafu, mikataba na nchi za nje, biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Rekebisho la 10 la 1791 likamalizia kwamba yasiyoandikwa huko na ambayo majimbo hayakukatazwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Bangi sasa. Katiba hiyohiyo inasema sheria ya serikali kuu iliyotungwa ndani ya mamlaka yake inaishinda ya jimbo. 2005 kwenye kesi ya Raich mahakama ya juu ikasema hata mgonjwa aliyeotesha miche yake mwenyewe nyumbani California serikali kuu inaweza kumzuia. Ila hapa ndo patamu, 1997 mahakama hiyohiyo kwenye kesi ya Printz ilikuwa imeshasema serikali kuu haiwezi kuwatuma askari wa majimbo wafanye kazi yake. Kwahiyo sheria ipo lakini wa kuisimamia ni askari wa serikali kuu tu, na hao hawatoshi kusimama kila mlango wa duka. Duka linauza, ila benki nyingi zinaliogopa, biashara inakwenda kwa keshi. Hawajaelewana mpaka leo, wanaishi hivyohivyo.

Mwana_Kibirizi:
Mzee umeshusha nondo lakini si ndo fundi anachosema? Jimbo likikaza serikali kuu inabaki inatazama. Ziwa ni letu, samaki mgebuka ni wetu, hao wa juu wanaula ukiwa umeshakaangwa 😂

Mstaafu_Gungu:
Taratibu kijana. Kuna kesi kama imeandikiwa Kigoma vile. Marekani ilisaini na Uingereza mkataba wa 1916 wa kulinda ndege wanaohama kati yake na Kanada. Jimbo la Missouri likaja juu, ndege wako kwetu, kuwinda ni mambo yetu. 1920 mahakama ya juu ikawaambia ndege huyo leo yuko kwako, kesho yuko kwa mwingine, mkataba wa nchi na nchi ni kazi ya serikali kuu. Missouri wakashindwa. Sasa dagaa wa Tanganyika analala Burundi, anakula Kongo, anavuliwa Kigoma, na kufunga ziwa kulitokana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Hata ungekuwa jimbo lenye bendera na wimbo wake, hapo ungenyamaza tu.

Na wakikosa pa kukushika kisheria wanakushika na pesa. South Dakota kijana wa miaka 19 alikuwa anaruhusiwa kununua bia nyepesi, serikali kuu ikatunga sheria 1984 kwamba jimbo lisilopandisha umri hadi 21 linakatwa sehemu ya fedha za barabara. Wakaenda mahakamani, 1987 wakapigwa chini.

Binti_Mwandiga:
Mi nirudi nyumbani maana naona mnalinganisha halmashauri na jimbo, ni vitu viwili tofauti kabisa. Katiba yetu ibara ya 145 na 146 inasema serikali za mitaa zitakuwepo, ila mipaka ya madaraka yake inaachiwa sheria ya Bunge. Yaani umekodishiwa, mwenye nyumba akiitaka anaichukua. 1972 zilifutwa, zikaja kurudishwa kwa sheria za 1982. Kodi ya majengo mnaikumbuka? Ilikuwa ya halmashauri, kuanzia 2016 ikahamia mamlaka ya mapato, TRA, 2021 ikaingia kwenye luku, leo unanunua umeme inakatwa humohumo. Hakuna halmashauri iliyoenda kudai katiba imevunjwa, maana haikuvunjwa. Na sheria ndogo mnazoona madiwani wanapitisha hazianzi kazi mpaka waziri aziridhie.

Na mnasahau kitu kimetokea hapahapa. Manispaa ya Kigoma Ujiji 2016 iliingizwa kwenye ule mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, ikiwa chini ya madiwani wa chama cha upinzani cha ACT. 2017 nchi ikajitoa, na safari ya manispaa haikufika mbali. Jimbo la Marekani lingeendelea na mambo yake ya uwazi, nani angelizuia?

Waliogawana madaraka kikatiba hapa kwetu ni Muungano na Zanzibar. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, sasa orodha ina 22, na bandari zimo.

Mwana_Kibirizi:
Kwahiyo Kenya nao ni majimbo au wamekodishiwa?

Binti_Mwandiga:
Wako katikati. Kaunti 47 zimeandikwa ndani ya katiba yao ya 2010, kazi zake zimo kwenye Jedwali la Nne, na lazima zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Kumnyang'anya gavana kazi hiyo siyo suala la waziri kuamka vibaya.

Kahawa_ya_Mwanga:
Asanteni sana, hiyo ya Missouri nimewasomea kijiweni neno kwa neno, fundi kanyamaza kidogo akasema ndege siyo dagaa 😂😂 kahawa halipi. Mwisho muuza kahawa akatugawanya nusu kwa nusu maana alikuwa anataka kuzima jiko. Ila mjomba kaibua jipya, kama bandari ni ya Muungano mbona ya Zanzibar ina shirika lake na hii yetu ya Kigoma iko chini ya mamlaka ya huku bara. Nafungua uzi mwingine kesho, Mstaafu usilale mapema.