Bodi ya kriketi ya India inavuna mapenzi ya watu, lakini yakitokea maafa inasema hayaihusu

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa na hasira hii tangu tarehe 4 Juni 2025, na leo nimeona niiweke hapa mbele ya watu wanaoufahamu mchezo. Siku hiyo, nje ya Uwanja wa M. Chinnaswamy mjini Bengaluru, watu 11 walikufa kwa kukanyagana wakati wakisubiri kuwaona wachezaji wa Royal Challengers Bengaluru, ambao usiku uliotangulia walikuwa wametwaa ubingwa wa IPL, ligi kuu ya kriketi ya India, kwa mara ya kwanza baada ya kuusubiri kwa misimu 18. Asubuhi timu ilitangaza kwenye mitandao ya kijamii kwamba kutakuwa na gwaride la ushindi, na serikali ya jimbo ikaja kusema baadaye kwamba polisi hawakuwa wametoa kibali. Uwanja unachukua watu kama 35,000, nao waliofika, kwa maneno ya kiongozi wa serikali ya jimbo mwenyewe, walizidi 200,000. Picha zilizopigwa jioni ile zilionyesha lami ya mbele ya malango ikiwa imetapakaa ndara na viatu visivyo na wenyewe, kimoja hapa na kingine kule. Watu walipokuwa wakifa nje, ndani ya uwanja sherehe iliendelea.

Bodi ya Kriketi ya India, BCCI, ambayo ndiyo mmiliki wa ligi, ilijibu kwamba haikuhusika na maandalizi ya shughuli ile. Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Fedha zinapoingia, ligi ni ya bodi, nembo ni ya bodi na haki za matangazo ni za bodi. Maiti zilipopelekwa mochwari, ligi ikawa haina mwenyewe.

Wengi wetu tumesahau jinsi bodi hii ilivyokuwa. Nahodha Kapil Dev na wenzake walipoleta Kombe la Dunia nyumbani mwaka 1983, bodi haikuwa na fedha za kuwatunza, ikabidi mwimbaji Lata Mangeshkar afanye onyesho la muziki mjini Delhi ili zipatikane. Mwaka 2022 bodi hiyohiyo iliuza haki za matangazo ya IPL za miaka 5, kuanzia 2023 hadi 2027, kwa rupia bilioni 483.9, yaani zaidi ya dola bilioni 6. Na bado, mbele ya mamlaka za kodi, inajitambulisha kama taasisi ya hisani inayoendeleza michezo. Mwezi Novemba 2021 baraza la rufaa za kodi la Mumbai liliikubalia, likisema kwamba kuendesha ligi yenye faida hakuiondolei hadhi hiyo. Sina ugomvi na mtu anayefanya biashara na kulipa kodi kama mfanyabiashara. Ninachokataa ni mtu kukusanya kama mfanyabiashara, kisha siku ya kulipa akavaa kanzu ya mtoa sadaka.

Tazameni wanachopata wanaocheza. Kila Novemba au Desemba tunaonyeshwa mnada, na vichwa vya habari vinapiga kelele kwamba Rishabh Pant amenunuliwa na Lucknow kwa rupia milioni 270, kama ilivyokuwa Jeddah mwaka 2024. Mtu akisikia hivyo anadhani wachezaji ndio wanaokula keki. Chukueni kalamu mkokotoe: katika mnada ule kila timu iliruhusiwa kutumia rupia bilioni 1.2 kwa wachezaji wake, na timu ni 10, hivyo jumla ni bilioni 12. Haki za matangazo pekee, ukizigawa kwa miaka 5, ni karibu rupia bilioni 97 kwa mwaka. Wachezaji wote wa ligi nzima, wageni na wenyeji, wanapata takriban moja ya nane ya fedha za televisheni peke yake, kabla hujahesabu wafadhili. Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, wachezaji hupata karibu nusu ya mapato, kwa sababu wana chama chenye nguvu kinachokaa mezani na wamiliki. Mchezaji wa India ambaye bado anacheza hana chama cha kumtetea: kile kilichopo, kilichoanzishwa mwaka 2019, ni cha waliokwisha kustaafu.

Sasa niingie kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni namna wakubwa walivyojiandikia sheria. IPL ilipoanzishwa mwaka 2008, timu ya Chennai ilinunuliwa na kampuni ya India Cements, na mkuu wa kampuni hiyo, N. Srinivasan, alikuwa wakati huohuo mweka hazina wa bodi iliyokuwa ikiuza. Kanuni za bodi zilikataza kiongozi kuwa na maslahi ya kibiashara katika mechi zinazosimamiwa na bodi. Mtu mwenye haya angeachia kimoja. Kilichofanyika ni kwamba mwezi Septemba 2008 kanuni yenyewe ilirekebishwa ili IPL isihesabiwe, na Srinivasan akapanda kuwa katibu, kisha mwaka 2011 akawa rais wa bodi nzima. Refa akawa na timu yake uwanjani, na kila aliyehoji akaonyeshwa karatasi kwamba kanuni inaruhusu. Ilichukua hadi Januari 2015 kwa Mahakama ya Juu ya India kuifuta kanuni hiyo.

Katikati ya miaka hiyo ndipo mambo yalipopasuka. Mwezi Mei 2013 polisi wa Delhi waliwakamata wachezaji watatu wa Rajasthan Royals, timu nyingine ya IPL, akiwemo Sreesanth, mrushaji aliyekuwa amewahi kutwaa Kombe la Dunia. Kwa madai ya polisi, alama aliyotakiwa kuwapa wachezesha kamari ilikuwa taulo dogo, ambalo angelichomeka kiunoni kabla ya kuanza ova waliyokubaliana, naye angeruhusu mikimbio 14 katika mipira ile sita. Alitoa 13. Taulo lile lilionyeshwa kwenye televisheni mara nyingi hata mtoto wa shule akalijua. Sreesanth alifungiwa maisha na bodi hata kabla kesi yake haijasikilizwa, na mwaka 2015 mahakama ya Delhi ilipomfutia mashtaka, bodi iligoma kumfungulia, mpaka Mahakama ya Juu ilipoingilia mwaka 2019. Simtetei kwa kosa lolote alilolifanya. Ninauliza tu kwa nini kamba ilikuwa fupi kwake na ndefu kwa wengine.

Maana siku chache baada ya Sreesanth alikamatwa Gurunath Meiyappan, mkwewe Srinivasan, aliyekuwa akikaa kwenye benchi la Chennai na kuhudhuria mnada kwa niaba ya timu. Ghafla tukaambiwa huyu si kiongozi wa timu, ni mpenzi wa mchezo tu! Bodi ikaunda tume ya majaji wawili wastaafu, ambao baada ya wiki chache walisema hawakuona kosa, na Mahakama Kuu ya Bombay ikatamka kwamba tume yenyewe iliundwa kinyume cha sheria. Aliyekuwa amefungua kesi hiyo ni chama cha kriketi cha Bihar, jimbo ambalo kwa miaka mingi bodi haikulipatia hata nafasi kamili katika mashindano yake. Uchunguzi ulioamriwa na Mahakama ya Juu ndio uliothibitisha kwamba Meiyappan alibeti na kwamba alikuwa kiongozi wa timu, na mwezi Julai 2015 Chennai na Rajasthan zikasimamishwa kwa miaka miwili.

Na baba mkwe je? Mwezi Machi 2014 Mahakama ya Juu ilisema kung'ang'ania kwake kiti kunatia kichefuchefu, akawekwa kando. Mwezi Juni mwaka huohuo akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Mtu asiyefaa kuongoza kriketi ya nchi yake alionekana anafaa kuongoza ya dunia nzima. Chennai nao walirudi mwaka 2018 na kutwaa ubingwa msimu huohuo.

Baadhi yenu mtasema hayo yamepita, kwamba mahakama ilisafisha nyumba. Ni kweli ilijaribu. Kamati ya Jaji Lodha, iliyoundwa na Mahakama ya Juu, ilipendekeza mawaziri wasiwe viongozi wa bodi, wenye umri zaidi ya miaka 70 waondoke, na kila kiongozi apumzike baada ya muhula, na mwezi Januari 2017 mahakama ikamfukuza rais wa bodi na katibu wake kwa kukaidi. Lakini mwezi Oktoba 2019 ofisi ya katibu ilikwenda kwa Jay Shah, mtoto wa waziri wa mambo ya ndani ya India, na mwezi Septemba 2022 mahakama ileile ikaridhia kulegeza sharti la kupumzika, akaendelea. Tangu Desemba 2024 ndiye mwenyekiti wa ICC.

Linatuhusu na sisi wa huku. Mwaka 2003 Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India mjini Durban. Nilikesha nikihadithia mechi ile kwa majirani ambao hawakujua wiketi ni nini. Mwaka uliofuata, Maurice Odumbe, nahodha wetu wa zamani, alifungiwa miaka 5 kwa kupokea fedha kutoka kwa mchezesha kamari wa Kihindi. Viongozi wetu walichangia sana kuua kriketi ya Kenya, na hilo silifichi. Ila katika mgao wa fedha za ICC wa 2024 hadi 2027, India inachukua asilimia 38.5, wakati nchi wanachama washirika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ambazo kwa jumla zinazidi 90, zinagawana takriban asilimia 11. Kwa mgao huo, Durban nyingine itatoka wapi?

Wala msidhani raia wa kawaida wa India anafaidi. Mwezi Aprili 2016, treni za matangi zilipokuwa zikipeleka maji ya kunywa Latur kwa sababu ya ukame wa Maharashtra, ligi ilikuwa tayari kumwagilia nyasi za viwanja vya jimbo hilohilo, na walalamikaji walidai maji hayo yangefika lita milioni 6. Bodi haikuhamisha mechi kwa hiari yake. Iliamriwa na Mahakama Kuu ya Bombay.

Mwezi Agosti 2025 Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya usimamizi wa michezo. Rasimu ya kwanza ingeyalazimisha mashirikisho yote yajibu maombi ya wananchi chini ya sheria ya haki ya kupata taarifa. Kifungu hicho kikabadilishwa, kikabaki kwa yale yanayotegemea ruzuku ya serikali, na BCCI haichukui ruzuku. Inachukua viwanja vilivyojengwa kwenye ardhi ya umma, ulinzi wa polisi wa umma na jina la nchi, lakini mwananchi akiuliza zinakwenda wapi fedha, bodi haiwajibiki kumjibu.

Baada ya vifo vya Bengaluru kamishna wa polisi wa jiji alisimamishwa kazi, na viongozi wawili wa chama cha kriketi cha jimbo wakajiuzulu. Katika bodi yenyewe, mwenye ligi, hakuna aliyeachia kiti chake. Kama yupo anayedhani naionea bodi hii, aje hapa anieleze ni kiongozi gani wake alikwenda mbele ya familia zile 11 akasema kosa ni letu.