Mjadala: Je, kumbukumbu za misimu iliyopita zifutwe ili mfumo wa malipo ya korosho uache kukwama?

Mtoa mada, Masasi

Ndugu wanaushirika na ndugu wataalamu wa TEHAMA wa mikoa yetu ya kusini, nawasalimu.

Katika chama kimoja cha msingi wilayani kwetu limeletwa pendekezo kwamba, kabla minada ya Oktoba haijaanza, kumbukumbu zote za mauzo ya korosho zenye zaidi ya misimu mitatu zifutwe kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa katika kompyuta ya chama. Hoja yake ni kwamba mfumo umejaa, na kujaa huko ndiko kunakofanya orodha ya malipo ichukue saa nyingi kutoka baada ya kila mnada. Baadhi ya wajumbe hawakukubali, nao wakaja na lao, kwamba inunuliwe seva mpya kwa makato ya kila kilo. Naona yote mawili yamependekezwa kabla ya mtu yeyote kuichunguza kanzidata yenyewe ili kujua muda unapotelea wapi. Hilo la kufuta nalipinga waziwazi, kwa kuwa linamnyang'anya mkulima ushahidi wake kwa tatizo ambalo kumbukumbu hizo hazikulisababisha.

Kanzidata za majedwali, ambazo nadharia yake iliwekwa na Edgar Codd mwaka 1970, hazilazimiki kusoma jedwali zima kila zinapoulizwa swali, ilimradi safu inayotafutwa imewekewa faharasa, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha kila mstari ulipo. Faharasa ya kawaida katika PostgreSQL na MySQL, programu mbili za kuendesha kanzidata, ni ya muundo wa mti, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukurasa mmoja wa mti huo hubeba mamia ya vielekezi, yaani alama za kuonyesha ukurasa wa kwenda. Tukichukua 300 kwa mfano, ngazi tatu tu zinafikia mistari milioni 27, idadi ambayo chama cha msingi hakitaifikia kwa miaka mingi sana. Ukifuta nusu ya mistari, mara nyingi mti unabaki na ngazi zilezile, na anayetafuta mkulima mmoja kwa namba yake hataona tofauti yoyote. Pasipo na faharasa, au pale swali linapoandikwa kwa namna ambayo haiwezi kuitumia, kanzidata inakuwa kama mtu anayefungua kila gunia ghalani kutafuta lebo moja.

Nimewahi kukaa kando ya karani na kutazama kinachotokea. Mkulima amefika bila kadi, hivyo karani anaandika sehemu ya jina lake, tuseme Mohamedi, jina ambalo katika daftari zetu limeandikwa Mohamedi, Mohamed, Muhamedi na Mohammed. Programu inapeleka swali lenye alama ya asilimia mbele na nyuma ya jina, yaani "popote herufi hizi zilipo". Faharasa ya majina imepangwa kwa herufi za mwanzo, na swali lisilotaja herufi ya mwanzo haliwezi kuitumia. Jedwali lote la wanachama linasomwa, kila mara, kwa kila karani. PostgreSQL ina nyongeza iitwayo pg_trgm, inayolikata jina katika vipande vya herufi tatutatu na kuvitengenezea faharasa, nayo hulijibu swali la aina hiyo vizuri kabisa bila kufuta chochote.

Orodha ya malipo ndiyo yenye tatizo kubwa zaidi. Badala ya kuiomba kanzidata iunganishe majedwali ya wanachama, mapokezi na makato kwa swali moja, programu nyingi huchukua orodha ya wanachama kisha huuliza tena na tena: huyu ameleta kilo ngapi, huyu anadaiwa nini ya pembejeo, halafu anayefuata. Kila swali peke yake ni jepesi na halionekani kuwa na kosa, lakini wanachama elfu kadhaa, kila mmoja na maswali yake matatu au manne, kupitia mtandao wetu huu, wanaweza kuumaliza mchana mzima.

Hata kufuta kwenyewe si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Katika PostgreSQL mstari uliofutwa hauondoki mara moja. Unabaki ukiwa umewekewa alama ya kufutwa hadi usafishaji upite, na baada ya usafishaji nafasi hiyo kwa kawaida hubaki ndani ya jedwali kusubiri mistari mipya. Amri ya kulipunguza jedwali lenyewe, VACUUM FULL, hulifunga kabisa, hata kusoma hakuwezekani mpaka imalize. Tena, kama jedwali la malipo linarejelea jedwali la mapokezi, PostgreSQL haiweki yenyewe faharasa kwenye safu inayorejelea. Kila pokezi linalofutwa linaweza kulazimisha jedwali zima la malipo lisomwe kuhakikisha kwamba hakuna kinachobaki kikining'inia.

Naomba maoni yenu, hasa ya wale wanaounga mkono kufuta.

Mjumbe wa bodi ya chama, Newala

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nashukuru kwa elimu, ila naomba na sisi tunaobeba lawama tusikilizwe. Bei ya mnada ikishatangazwa, mkulima anaanza kuhesabu siku, kwa sababu ana ada ya mtoto, ana deni dukani na ana vibarua waliomwokotea korosho. Orodha isipotoka, hamfuati mtaalamu. Ananifuata mimi nyumbani usiku. Mtu anaponiambia kuna njia ya kufanya Jumamosi moja na mfumo ukawa mwepesi, sina sababu ya kumkataa.

Hizo faharasa nazo tumezionja. Tulimleta kijana akaziweka karibu kwenye kila safu, na kweli ripoti zikaenda haraka, lakini mapokezi yakaanza kusuasua: karani anabonyeza kuhifadhi, anasubiri, huku foleni ya mizani inafika barabarani. Sasa tukiambiwa tena tatizo ni faharasa, mtuvumilie tukisita.

La tatu ni la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tusikae na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Tuna namba za simu, za akaunti na za vitambulisho vya watu, wengine wameshafariki. Kwa nini tuzing'ang'anie?

Mtoa mada, Masasi

Mheshimiwa mjumbe, hoja ya mizani ni ya kweli, na aliyeweka faharasa kila mahali alikosea vilevile kama asiyeweka popote. Kila mstari unapoingia, kila faharasa ya jedwali hilo hulazimika kuandikwa pia, kwa hiyo faharasa kumi zina maana ya kazi kumi za ziada kwa kila gunia linalopimwa. PostgreSQL huweka hesabu ya mara ambazo kila faharasa imetumika. Zile zenye sifuri baada ya msimu mzima huweza kuondolewa, isipokuwa zinazolinda namba zisijirudie. Nyingi zingeweza kubadilishwa na moja tu ya msimu pamoja na namba ya mwanachama, kwa mpangilio huo, kwa kuwa karibu kila swali la malipo huanza na msimu.

Kuhusu sheria, neno zito ni "unaohitajika". Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6. Mkulima aliyepunjwa kilo au aliyekatwa deni la salfa ya kupulizia mikorosho asilolichukua anaweza kudai hadi mwaka wa 6, ilhali pendekezo lenu linafuta ushahidi wake baada ya misimu mitatu. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, naye akitaka kufuatilia fedha za nyuma, atafuatilia kitu gani? Muda huo ukiisha, namba za simu na vitambulisho viondolewe kwa uamuzi wa mkutano mkuu, kwa utaratibu ulioandikwa, na sababu yake iwe faragha ya mwanachama. Kuichukua sheria ya faragha iwe dawa ya mfumo mzito ni kuitumikisha kazi isiyo yake.

Karani, Tandahimba

Kaka mtoa mada na wazee wangu, mimi si mtaalamu, lakini nakaa mbele ya kompyuta hiyo msimu mzima na kuna jambo silisikii likitajwa. Kwetu mfumo haukwami wakati wote. Unakwama saa za mchana, na unakwama kwa namna moja: naweza kutafuta mwanachama na kumwona, lakini nikitaka kuhifadhi marekebisho ya makato yake, kiduara kinazunguka tu. Tumekuja kugundua kwamba mhasibu anapofungua fomu ya kurekebisha malipo, akabadilisha kitu, kisha akaenda kula bila kuifunga, hali hiyo inatokea. Akirudi akabonyeza hifadhi, kompyuta zetu zote zinafunguka kwa pamoja. Je, hilo nalo ni wingi wa kumbukumbu?

Mtoa mada, Masasi

Dada, hapana, na umelieleza vizuri kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Fomu hiyo inafungua muamala, yaani kazi ya mabadiliko ambayo kanzidata huihesabu haijakamilika hadi ihifadhiwe, na kuushikilia. Mistari iliyoguswa inawekewa kufuli, na kila anayetaka kuibadilisha anasubiri mwenye kufuli amalize. Wanaosoma hawazuiwi, ndiyo maana unaweza kumwona mwanachama lakini huwezi kumhifadhi. Katika PostgreSQL, jedwali la mfumo liitwalo pg_stat_activity litaonyesha muunganisho wa mhasibu ukiwa umekaa bila kazi katikati ya muamala, tena upo mpangilio wa kuukata baada ya muda mtakaouchagua, ambao kwa kawaida huwa umezimwa. Muamala unaokaa wazi hivyo huzuia pia usafishaji wa mistari iliyofutwa baada ya huo kuanza, ukaongeza uzito kimyakimya. Tiba ya kudumu ni mwandishi wa programu kurekebisha fomu ili muamala ufunguliwe pale tu mhasibu anapobonyeza hifadhi.

Mhandisi wa mifumo, Lindi

Naunga mkono msimamo wa kutofuta, lakini mtoa mada ameipa wingi wa kumbukumbu nafuu kubwa mno. Kumtafuta mtu mmoja hakubadiliki, sawa. Ripoti ya jumla ya misimu yote hubadilika, nakala rudufu ya kila usiku huchukua muda zaidi, na urejeshaji baada ya ajali huchukua muda zaidi pia, jambo ambalo kwa chama kisicho na umeme wa uhakika si dogo. Kwa hali hiyo jedwali la mapokezi linaweza kugawanywa kwa msimu, uwezo ambao PostgreSQL imeurahisisha tangu toleo la 10 la mwaka 2017. Swali linalotaja msimu husoma kipande cha msimu huo peke yake, na vipande vya zamani vinabaki mahali pake vikisomeka.

Kuhusu seva mpya, kuna mahali inastahili. Kama seva yenu bado ina diski ya kuzunguka, kuhamia diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, kutaleta nafuu ya wazi. Lakini kabla ya kumkata mkulima hata shilingi moja, tazameni mipangilio. PostgreSQL husakinishwa ikiwa imetengewa kumbukumbu ya pamoja ya kompyuta (RAM) ya megabaiti 128, na MySQL nayo hutenga kiasi hichohicho kwa hifadhi ya InnoDB, sehemu yake inayotunza majedwali. Nimekuta seva yenye gigabaiti 16 ikiendeshwa kwa kiwango hicho cha kuanzia, na mapendekezo ya kununua kubwa zaidi yameshaandikwa. Seva mpya ingewekewa mipangilio ileile.

Cha kuanza nacho ni kuwasha daftari la maswali yanayochelewa, ambalo katika mifumo yote miwili huja likiwa limezimwa. MySQL hata likiwashwa huandika yale tu yanayozidi sekunde 10, kwa hiyo shusheni kiwango hicho hadi sekunde moja. Liacheni lifanye kazi kuanzia mnada hadi orodha itoke, kisha chukueni maswali matano yaliyokula muda mwingi kwa jumla, si lile moja lililochelewa kuliko yote, myapitishe kwenye amri ya EXPLAIN ili muone njia ambayo kanzidata imechagua. Tahadhari moja: EXPLAIN ikiongezewa ANALYZE huliendesha swali kweli, na kama ni amri ya kufuta, mistari inafutika. Fanyeni majaribio hayo kwenye nakala.

Mkulima, Ruangwa

Wanangu, ya miti na kufuli nawaachieni ninyi mliosoma. Mimi nakumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tukahakikiwa mmojammoja ili kangomba, yaani walanguzi wa korosho, wasilipwe kwa jina la mkulima. Aliyeulizwa "umewahi kuuza kiasi gani miaka ya nyuma?" alihitaji kuwa na karatasi au awe na chama chenye kumbukumbu. Karatasi zangu zililiwa na mchwa. Nisingependa jibu langu liwe mikononi mwa mtu anayetaka kompyuta yake iende mbio.

Mjumbe wa bodi ya chama, Newala

Mzee wangu wa Ruangwa, nimekuelewa, na hilo la uhakiki sikuwa nimelihesabu. Nitawaomba wenzangu kufuta kuondolewe kwenye ajenda ya mwezi huu, na badala yake daftari la maswali liwashwe kuanzia mnada wa kwanza. Mhasibu nitazungumza naye kesho. Ila naweka sharti: mtaalamu atakayekuja alete maswali hayo matano kwa maandishi, kila moja na muda wake kabla na baada ya marekebisho, pamoja na muda wa kuhifadhi gunia moja kwenye mizani. Mizani ikipungua kasi, faharasa mpya ziondolewe siku hiyohiyo. Na maswali hayo matano yakishapungua muda, lakini orodha bado haitoki siku ya mnada, nitarudi hapa kuzungumzia seva, na makato yake tutayapeleka kwa wanachama tukiwa na hesabu hizo mkononi.