Wakala katupangia Makumbusho ya Vatican siku ya Jumapili! Milioni 23 zangu na mama zimeishia viwanja vya ndege

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Mama yangu ana miaka 68, kafundisha historia sekondari miaka 31, na tangu tukiwa wadogo anatusimulia Roma kama mtu aliyewahi kuishi kule. Mwaka huu nikasema basi, nimpeleke. Nikaenda kwa wakala mmoja wa safari hapa Dar (jina naliacha, bado tunadaiana) anayeuza "Miji ya Kale ya Mediterania, siku saba". Milioni 11.5 kwa kichwa, visa juu yetu, euro 90 kila mmoja.

Ratiba ilikuwa hii: Roma, Athens, Barcelona, Naples, halafu Roma tena kupanda ndege ya kurudi. Siku saba! Kila ukihama mji kwa ndege unatoka hotelini asubuhi, uwanjani unatakiwa saa mbili kabla, unaruka, unasubiri mabegi, unatafuta usafiri wa kuingia mjini, ukija kutulia jioni imefika. Roma hadi Athens ni kama saa mbili angani, na saa za Ugiriki ziko mbele ya Italia kwa saa moja, kwa hiyo hata hiyo moja inaliwa. Tumehama hivyo mara tatu. Tena tiketi zilikuwa za bei ya chini, hazina begi la mzigo, tukawa tunalipia kaunta kila safari. Hakuna aliyetuambia.

Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapambano pale Roma, tuliambiwa "mtakata tiketi pale pale". Tiketi za pale zinatoka kwa jina na kwa muda maalumu, na tulipofika Jumamosi mchana za siku hiyo zilishakwisha. Tumepiga picha nje tukaondoka.

Ila Vatican ndiyo iliyoniuma. Jumapili asubuhi mama kavaa gauni refu la kitenge na mtandio, maana mabega na magoti lazima yafunikwe. Tumeuzunguka ule ukuta mrefu kwa miguu mpaka mlango wa makumbusho. Umefungwa. Makumbusho ya Vatican hayafunguliwi Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, na ile ilikuwa Jumapili ya pili. Wameandika kwenye tovuti yao, ni dakika moja kusoma! Dari la kanisa dogo la Sistine lililo mle ndani, alilochora Michelangelo kuanzia 1508 hadi 1512, mama amelifundisha miaka yote kwa picha ya kitabuni. Alisimama pale kashika ukuta, hakusema neno.

Nikasema twende uwanja wa Mtakatifu Petro, angalau saa sita mama asali sala ya Malaika wa Bwana pamoja na Papa. Saa nne na nusu dereva anapiga simu, gari la uwanja wa ndege limefika. Mkatoliki wa maisha yake yote katolewa pale saa moja na nusu kabla Papa hajatokea dirishani. Aliyepanga hili alikuwa anawaza nini?

Akropoli, kile kilima cha mahekalu ya kale pale Athens, nako muda wa kuingia unachaguliwa wakati wa kukata tiketi. Unaweza kuchukua asubuhi na mapema. Wakala kamchukulia bibi wa miaka 68 saa saba mchana, kilima kile, jua lile, marumaru zinateleza. Barcelona sina la kusema, lile kanisa maarufu la Sagrada Família tiketi zilikwisha, hakuwa amekata.

Pompeii, magofu ya mji wa Warumi karibu na Naples, peke yake ndiyo tuliiona. Mama aliinama akaweka kiganja kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu ya mikokoteni katika mawe ya barabara, kabla majivu ya volkano ya Vesuvius hayajaufunika mji mwaka 79. Tukaona na mgahawa wao, kaunta ya mawe yenye matundu ya vyungu. Akaanza kunieleza kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi kule magofu ya Kaole, macho yanawaka. Mji ule unataka siku nzima. Tulipewa saa mbili, treni inasubiri.

Na makosa mengine niliyaona wiki tatu kabla ya safari, nikamwandikia wakala. Akajibu: "Dada usijali, ratiba ishapelekwa ubalozini, haibadiliki." Uongo! Visa ya Schengen inaonyesha tarehe na idadi ya siku, haisemi utaingia jumba gani saa ngapi. Ningebaki Roma siku nne na Naples tatu, ambako treni ya kasi ni saa moja na dakika chache tu, mama angeona kila kitu bila kukimbizwa.

Sasa nadai pesa ya Colosseum, Sagrada Família na Vatican, maana kwenye mkataba zimeandikwa "zimejumuishwa". Ujumbe anasoma, hajibu. Risiti, ratiba na mazungumzo yote ninayo. Aliyewahi kumdai wakala wa safari akarudishiwa, ulianzia wapi na ilichukua muda gani? Nielekezeni, Jumatatu nataka niwe nimeshaanza.