Blogu bila jina halisi: Blogger au WordPress?

Swali: Wakuu, nataka blogu ya masuala ya kazini bila jina langu kuonekana. Blogger ni bure, WordPress ya kujiwekea mwenyewe inahitaji kulipia hifadhi ya tovuti na kikoa (anwani ya tovuti yako). Ipi salama?

Jibu 1: Inategemea unamficha nani, mkuu. Blogger imeshikana na akaunti ya Google, kwa hiyo Google watakujua tu. Kwa wasomaji inatosha, ila fungua akaunti mpya. Wengi hunaswa hapa: blogu mbili chini ya wasifu mmoja, na ukurasa wa wasifu unazianika zote.

Jibu 2: WordPress nayo huvuja. Ongeza ?author=1 mwishoni mwa anwani ya blogu; mara nyingi itakupeleka kwenye ukurasa ambao anwani yake inaonyesha jina la kuingilia la msimamizi. Kwa hiyo usilitengeneze kutokana na jina lako. Halafu zima picha za Gravatar (huduma ya picha za wasifu) kwenye mipangilio ya majadiliano: huitwa kwa alama inayokokotolewa kutoka barua pepe yako, na mwenye kuishuku barua pepe hiyo anaweza kulinganisha. Kikoa je? Washa faragha ya WHOIS (rejista ya wazi ya wenye vikoa) siku ileile ya kusajili. Ukichelewa, zipo tovuti zinazotunza kumbukumbu za zamani.

Jibu 3: Picha za simu jamani! Zinaweza kubeba mahali zilipopigwa. Futa data hizo kabla ya kupakia. Na kama uko Tanzania, soma kanuni za maudhui ya mtandaoni kwanza. Zile za 2018 zilidai wanablogu wawe na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na leseni haiombwi kwa jina la bandia.