Tupeane uzoefu: maneno mawili ya Kiingereza yaliyowahi kukuchanganya

Wakuu, habari za Jumapili. Naanza mwenyewe.

Nilipofungua duka la fotokopi Nyegezi, wanakopita wanachuo wa SAUT, fundi aliniandikia bango kwa herufi nyekundu: STATIONARY. Likakaa miaka miwili. Siku moja mwalimu mstaafu akaja kutoa kopi, akalitazama, akasema, "Mwanangu, hapo umeandika duka limetulia, halisogei." Yenye A ni kitu kilichosimama mahali pamoja. Ya madaftari na kalamu ni "stationery", yenye E. Akachukua bahasha mezani: "Hii ni envelope, inaanza na E. Shika hiyo."

Kumbe maneno yote mawili yana asili moja, Kilatini. Zamani huko Ulaya wauza vitabu wengi walitembeza. Mwenye kibanda cha kudumu, hasa karibu na chuo kikuu, ndiye aliyeitwa "stationer", na bidhaa zake zikachukua jina hilo. Lilinigusa sana, maana kabla ya duka nilikuwa machinga, natembeza kalamu Makoroboi. Fundi alirudi akageuza A kuwa E. Ukisogea karibu, mguu wa A bado unaonekana chini ya rangi.

Karibuni.

— Mimi wa Igombe, mwaloni. "Borrow" na "lend". Alikuja mtafiti wa dagaa, mgeni, akaniambia, "May I borrow your lamp?" Nikaelewa anataka kuniazima taa yake! Nikanyoosha mkono nipokee, naye kanyoosha wake. Tumesimama hivyo, karabai ipo chini katikati yetu, mpaka kijana wa mtumbwini akaiokota akampa.

— Pole mkuu wa Igombe, hapo Kiswahili chetu kinachangia. "Kuazima" kwetu ni kutoa na pia kupokea: nimeazima jembe kwake, ameniazima jembe. Mimi wanafunzi wangu nawapeleka kwenye mkopo, huko hakuna anayekosea. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha.

— Asante mwalimu, hiyo nimeinakili.

— Jamani, nipo Nansio, kesho natuma barua ya maombi ya kazi. "Advice" au "advise"? Nimefuta mara tatu.

— Dada, ushauri wenyewe ni C, kushauri ni S. Sentensi yako inasemaje?

— "Thank you for your advise."

— Weka C, dada. Kila la heri kesho.